Orodha ya Maboma ya Kale

Barua ya wizara ilitaka tuorodheshe "maboma, ngome na majumba ya kale," na niliifungua mimi kwa sababu kufungua barua ilikuwa kazi yangu. Ofisi ya utamaduni pale Mbulu ilikuwa na watumishi wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu wangu, ambaye mgongo wake miezi ile haukumruhusu kukaa kwenye gari. Wa pili nilikuwa mimi, karani, binti wa Endagikot, mwenye kiti kimoja, mashine moja ya kuchapa na maoni mengi. Barua ilieleza kwamba mtaalamu wa majengo angetoka Dar es Salaam, na kwamba apewe gari, dereva na mtu wa kuandika. Hanang hawakuwa na ofisa wa utamaduni wakati huo, kwa hiyo tukimaliza Mbulu tuteremke tukaandike na huko.

Tangazo niliandika mimi. Lilisomwa makanisani, kwenye mikutano ya vijiji na mnadani, mahali ambapo watu wa tambarare huleta ng'ombe wao: mwenye kujua boma la kale katika eneo lake ajitokeze. Nililipenda sana tangazo lile. Kiswahili ndilo somo nililoling'ang'ania shuleni, na nilikuwa na tabia, ambayo wenzangu hawakuipenda, ya kusahihisha barua za watu kwa kalamu nyekundu, hata za mkuu wangu. Katika tangazo lile hapakuwa na kosa hata moja.

Ila sikufikiria kwamba boma la kila mtu si lile lile. Sisi wa mjini tukisema "naenda bomani" tunamaanisha ofisi za serikali, na pale Mbulu ofisi zenyewe zilikuwa kwenye ngome ya mawe iliyojengwa na Wajerumani. Mfugaji wa Hanang akisema boma anamaanisha kwake: uzio wa miiba, ng'ombe ndani, nyumba za wake zake, watoto wake. Nililijua hilo tangu utotoni. Wakati wa kuandika halikunijia.

Mtaalamu alikuja. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kofia ya kitambaa na tepu ndefu ya kupimia ambayo hakumruhusu mtu mwingine aikunje. Siku ya kwanza tulipima ngome ya Mbulu. Nilikuwa nimeingia na kutoka mle miaka mitatu bila kuona chochote zaidi ya foleni. Yeye alipapasa kuta, akahesabu matundu ya bunduki, akaomba chumba cha karani wa ardhi kifunguliwe kwa sababu zamani kilikuwa mahabusu. Karani wa ardhi alikuwa mle ndani anakunywa uji. Akasogeza kikombe, tukapima, akaendelea kunywa.

Jioni yake nilimwonyesha mtaalamu, kwa mbali, mteremko ambako babu yangu alikuwa na nyumba iliyochimbwa nusu ndani ya ardhi, paa lake limefunikwa udongo na majani, ili wavamizi wa ng'ombe wapite juu bila kujua kuna watu chini. Alisema ni jambo la kuvutia sana. Hakutoa tepu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuona majumba yenye ngazi.

Kesho yake tukateremka, tukapita Dareda na kushika njia ya Katesh, mlima Hanang ukiwa umekaa mbele yetu siku nzima. Dereva wetu alikuwa mtu wa huko chini na aliijua kila kona, na alituhakikishia hivyo kwenye kila kona. Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamepamba moto. Ilikuwa kiangazi, ngano imeshavunwa, na tambarare yote ilikuwa mabua ya manjano mpaka macho yanachoka. Njia za ng'ombe zilikuwa zinakuja mpaka ukingo wa shamba, halafu zinakatika. Sisi wa milimani tuliijua ngano ile kwa mkate tu, na mkate tuliupenda.

Chini ya mlima kulikuwa na jumba la mlowezi. Mzungu huyo alikuwa ameondoka zamani na hakuna aliyekumbuka vizuri alikuwa wa taifa gani, lakini nyumba yake ilikuwa na mnara. Mnara mdogo, wa kupanda watu wawili, ila mnara. Mtaalamu alishuka garini kabla halijasimama. Kulikuwa na sehemu ya kuotea moto iliyochongwa maua, na beseni la kuogea la chuma ambalo sasa kuku walikuwa wanatagia. Sebule ilikuwa ghala la mbolea la shamba la ngano. Tulikaa pale nusu siku. Nilijaza ukurasa mzima: mjenzi, mawe yalikotoka, urefu, upana, hali. Kwenye hali niliandika "Linatumika." Meneja wa shamba alikuja kutusalimia, kijana wa chuo mwenye adabu, na mtaalamu akamsihi alitunze lile jumba, naye akaahidi, akaomba apelekewe nakala ya orodha itakapokuwa tayari ili ajue cha kutunza. Tuliona ni mtu mwema. Bado naamini alikuwa mtu mwema.

Mzee mmoja alitukuta Katesh, nje ya nyumba ya wageni, wakati tunakunywa chai. Alikuwa mrefu, shuka imefungwa begani, fimbo ndefu mkononi, mvi zimejaa. Nilisimama na kumpa shikamoo. Kwetu hilo si jambo la kufikiria. Mama yangu alishawahi kunirudisha mbali, kwa miguu, nikiwa nimebeba maji, kwa sababu nilimpita mzee njiani bila kumsalimia. Mzee akaitikia marahaba, kisha akauliza: "Nyie ndio mnaandika maboma ya zamani?"

Tukasema ndiyo.

"Mimi nina boma ya zamani. Iko upande wa Dirma. Mniandikie."

Boma *la* zamani, nilisema moyoni. Boma *liko*. Lakini nilinyamaza, kwa sababu alikuwa mzee na mimi nilikuwa na chai mdomoni.

Alieleza shida yake bila kuzunguka. Plau la shamba lilikuwa linasogea kila msimu. Msimu uliopita lilikuwa limeishia hatua chache tu kutoka boma lake, na kwenye boma lile kulikuwa na kaburi la baba yake. Yeye alikwenda kwa meneja, meneja akamwambia alete karatasi. Alikwenda kijijini, kijijini wakamwambia karatasi ziko serikalini. Halafu akasikia mnadani kwamba serikali inakuja yenyewe kuandika maboma ya kale. "Mkiandika," alisema, "trekta itaona karatasi. Itapita pembeni."

Mtaalamu alinitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nafikiri hicho hicho: kosa lilikuwa la tangazo. Lakini mzee alikuwa ametembea tangu alfajiri, na njia yetu ilikuwa inapita huko huko kuelekea Hirbadaw. Mtaalamu akasema twende tuone. Mzee akakaa mbele karibu na dereva, fimbo yake ikatoka nje ya dirisha.

Boma lenyewe lilikuwa tupu. Uzio wa miiba ulikuwa umelala, umekauka, na ndani ya duara udongo ulikuwa mweusi, laini, mchanganyiko wa samadi ya miaka mingi. Nyumba zilikuwa zimeshaondolewa miti yake. Katikati, upande mmoja, palikuwa na kilima cha udongo kilichosimama kama chungu kilichopinduliwa, kirefu kunizidi, mvua zimekikwangua pembeni. Ndilo lilikuwa kaburi lenyewe; wafugaji wa huko hukiita bung'eda. Hawajengi hivyo kwa kila mtu. Mzee mwenye heshima akifa, ukoo wote hukusanyika na kazi huchukua miezi, wanapandisha udongo na miti na nyasi, mpaka siku ya mwisho ambayo watu huja kutoka mbali sana. Mzee alituambia siku ile ya baba yake palikuwa hapatoshi pa kukanyaga. Alituonyesha kwa fimbo kila ukoo ulikokaa. Alikumbuka hata mvua ilianza saa ngapi.

Mtaalamu akatoa tepu. Nataka kusema hivyo kwa haki yake: alitoa tepu, akaizungusha, akanitajia vipimo, nami nikaandika. Lakini kabla sijaandika chochote mzee alikuwa ameinua mkono.

"Kwanza msalimieni mwenyewe," alisema. "Halafu muandike."

Mtaalamu akavua kofia, akasema kwa furaha ya watu wa pwani, "Shikamoo mzee wetu!" kama anamsalimia mtu aliyekaa kibarazani. Ikabaki zamu yangu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu maiti hasalimiwi, anaombewa, na mtu anayesema na makaburi alikuwa na jina lake ambalo watoto hatukuruhusiwa kulitamka. Nilijifanya nageuza kurasa kutafuta ukurasa mtupu. Ulikuwa wazi mbele yangu. Mzee alisubiri muda ule ule ambao mtu husubiri shikamoo kutoka kwa mtoto, akaona haiji, akatazama pembeni.

Nilijaza fomu. Jina la jengo, hapakuwa na jina. Mjenzi, ukoo. Nikafika kwenye hali.

"Nani anakaa hapa sasa?" nikauliza.

"Sisi tumehama," mzee akasema. "Ng'ombe walikosa njia. Baba amebaki."

Niliandika: "Mahame."

Nakumbuka kuridhika kwangu. Watu wangeandika "hakuna mtu," au "pametelekezwa," au maneno manne pale ambapo moja linatosha. Mahame: mahali palipohamwa. Mtaalamu alichungulia begani kwangu akasema, "Neno zuri hilo. Siku hizi vijana hawalijui." Kichwa kikavimba. Mzee akauliza kama imeandikwa. Nikamwambia imeandikwa. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda, halafu akaanza kutembea kwenda kwake kupya, ambako alisema si mbali, na palikuwa mbali.

Tulirudi Mbulu. Nilichapa orodha kwa nakala tatu za kaboni, na chini kabisa, kama ilivyo desturi, herufi za kwanza za majina yangu. Nakala moja ilikwenda wizarani, moja ikabaki ofisini, moja ikapelekwa kwa meneja wa shamba kama tulivyoahidi. Mtaalamu aliandika barua ya shukrani na kuusifu mwandiko wangu. Ngome ya Mbulu ilipata kibao. Mkuu wangu alipona mgongo, akaniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia kuhusu mnara na kuku.

Habari niliipata kwa dereva. Ilikuwa masika, alikuwa ametoka kupeleka wageni Katesh, na aliingia ofisini akiwa na matope mpaka magotini, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, jambo ambalo si la kawaida yake. "Lile boma la mzee," alisema, "limelimwa." Nikamwambia haiwezekani, limo kwenye orodha. Akasema, "Basi labda trekta halijui kusoma." Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Meneja alinipokea vizuri, akanipa chai na mkate wa shambani wenye siagi. Nikamwambia nimekuja kwa sababu boma la kale lililoorodheshwa limelimwa. Akashangaa kwa dhati. Akafungua faili, akatoa nakala yetu, ambayo alikuwa ameitunza kwenye bahasha ya plastiki. Mnara wa mlowezi ulikuwa umewekewa uzio wa seng'enge, alisema, kama mtaalamu alivyoomba, na mbolea imehamishwa. Kisha akageuza ukurasa. Alisema wapimaji walipofika upande wa Dirma walitaka kujua kama kuna watu wanaokaa pale, wasije wakamwondoa mtu kwenye makazi yake. Hakutaka dhuluma. Akatazama orodha ya serikali.

"Imeandikwa mahame," alisema. Aliweka kidole chini ya neno, halafu kidole kikateremka mpaka kwenye herufi za mchapaji. "Ni wewe?"

Nilisema ni mimi. Nilitaka kumwambia kwamba mzee alisema sentensi mbili na mimi nikaandika moja. Nilitaka kumwambia kwamba ni kweli walihama, lakini kwamba lile duara lilikuwa na mtu. Nilijua jinsi ambavyo ingesikika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kwa kiasi kile, na nimefanya mengi ya aibu tangu wakati huo. Mkate ulikuwa umebaki nusu kwenye sahani. Sikuumaliza.

Kwa mzee nilifika kwa miguu, nikielekezwa boma hadi boma. Alikuwa amekaa nje, anachonga kipini. Nikampa shikamoo, akaitikia. Wake zake wakaleta maziwa. Njiani nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, kwa Kiswahili sanifu, yenye mwanzo na mwisho, na mbele yake yote yalikatika. Nikasema tu: "Mzee, niliandika vibaya."

Alisimamisha kisu. "Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba mmehama."

"Tulihama," alisema.

"Sikuandika kwamba baba amebaki."

Nilitamani anifokee. Nimelelewa na watu wanaofoka, najua pa kujificha wakati wa kufokewa, lakini yeye aliendelea kukigeuza kile kipini kana kwamba anatafuta upande wake ulionyooka. Hatimaye akaniuliza ni neno gani hasa. Nikamtajia. Akalirudia taratibu, ma-ha-me, na nikagundua kwamba hakuwahi kulisikia. Yeye alikuwa amenipa Kiswahili chake chote alichokuwa nacho, nami nikambadilishia kwa changu.

"Twende," akasema.

Tulitembea mpaka jua likapita kichwani. Ngano ilikuwa imefika kiunoni, kijani, imejaa tambarare yote hadi miguuni pa mlima. Nilifikiri hatutajua ni wapi. Hapakuwa na uzio, hapakuwa na kilima, hata mti mmoja wa kukumbukia haukuwepo, na mashine zao zinasawazisha vizuri. Mzee alikwenda ukingoni mwa shamba bila kupunguza mwendo, akasimama, akanyoosha fimbo.

Niliona. Kwenye ile ngano yote palikuwa na duara moja ambapo ngano ilikuwa ndefu zaidi na nyeusi kwa ukijani, kwa sababu ya samadi. Boma zima lilikuwa linaonekana, na mlango wake upande wa mawio, na sehemu ya ndama. Nadhani kutoka mlimani ungeliona bila shida. Mzee alisema anakuja kila baada ya siku chache kutazama, na kwamba mlinzi wa shamba alimfukuza mwanzoni lakini siku hizi anamwachia. Alisema hayo yote kama mtu anayeeleza njia.

Kisha akaingia. Nilimfuata, naye alipita kwa uangalifu, akitenganisha mashina kwa mkono asiyavunje. Ndani ya duara alipiga hatua kadhaa, akageuka kidogo kushoto, akasimama mahali ambapo kwangu mimi hapakuwa na tofauti yoyote na penginepo.

"Ni hapa," alisema. Akasogea nyuma yangu, akaniacha mimi mbele.

Nilielewa. Nilimfikiria baba yangu na kanisa lake kwa muda mfupi tu, nikamwomba anisamehe. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mfukoni kama siku zote. Daftari nilikuwa nimeliacha Katesh.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Nilisubiri. Nyuma yangu yule mzee, mwanawe, akakohoa kidogo, akaweka sauti yake sawa, na akaitikia kwa niaba ya mwenye boma.

"Marahaba," alisema. "Haya. Sasa andika."